Uso kwanza, bahari baadaye

Mwaka wangu wa kwanza wa kupiga filamu za hali halisi, nilimkalisha fundi mmoja wa ngalawa ufukweni Bagamoyo, bahari ikiwa mgongoni kwake. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi. Alizungumza nusu saa nzima: mbao, misumari, upepo wa kusi. Nilipomrudishia picha, alisogeza uso kwenye kioo cha kamera, akauliza, "Mbona mimi simo, mwanangu?" Bahari iling'aa. Yeye alikuwa kivuli.

Kabla ya hapo nilikuwa napiga harusi za ukumbini. Kule taa humkabili bibi harusi, sikuwa na haja ya kujua jua liko wapi.

Bagamoyo inatazama mashariki. Jua huchomozea baharini, hivyo asubuhi kila mvuvi anayepanda kutoka majini na tenga lake huwa na jua mgongoni. Kamera ikiachwa ijiamulie, hupima wastani: imeundwa kana kwamba dunia nzima ni ya kijivu kinachorudisha asilimia 18 hivi ya mwanga. Ikikutana na anga jeupe hudhani mwanga umezidi, hubana tundu la lenzi, na uso mweusi unazama. Ukijaribu kuunyanyua baadaye kwenye kompyuta, unajaa chenga.

Hata kabla ya kamera za leo mambo yalikuwa hivyo. Enzi za filamu za rangi, maabara nyingi zilirekebisha rangi kwa kadi zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke Mzungu. Ngozi zetu hazikuwa kipimo. Hilo linaniuma, na ndiyo maana siku hizi napima mwanga shavuni kwa mtu, kisha anga iungue na kuwa nyeupe tupu ikitaka.

Lakini kuongeza mwanga tu hakutoshi. Ngozi nyeusi huonekana kwa mng'ao wake: paji la uso, mfupa wa shavu, ukingo wa pua. Mng'ao huo unataka mwanga mpana, mpole, wa upande mmoja. Kibaraza cha nyumba ya zamani, mtu akiketi ubavu kuelekea barabarani, kinatosha kuliko taa nyingi nilizowahi kukodi. Pasipo kibaraza, shuka jeupe la kurudishia mwanga usoni.

Tuko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, jua hupanda wima na ule mwanga laini haukawii kuisha. Mwanzoni mwa Machi, jua la adhuhuri hupita utosini kabisa, macho yakawa mashimo. Saa hizo nazima kamera.

Kwa yule fundi nilirudi saa kumi na moja jioni, jua likiwa upande wa mji. Uso ulitoka, na tezo mkononi. Ila mazungumzo ya asubuhi ile hayakurudi, alijibu kwa ufupi, kama mtu aliyekwisha kusema. Kwenye filamu, sauti ni ya siku ya kwanza. Mikono ni ya siku ya pili.