Tango la Kula Si Tango la Mbegu

Swali hili hutufikia mara kwa mara kutoka kwa wenye bustani za nyumbani: "Nimetoa mbegu kwenye tango nililonunua, nikazikausha vizuri, nikapanda. Mbona hazikuota?" Hazikuota kwa sababu hazikuwa zimekomaa. Tango la kula huchumwa likiwa bichi, na zile punje nyeupe laini unazozitafuna bila hata kuzihisi bado ni changa mno.

Tango la mbegu huachwa kwenye mmea mpaka ligeuke manjano na kuanza kulainika. Hapo chota mbegu pamoja na ute wake, uziloweke siku 2 au 3 ili ute uchachuke na kuachia. Mbegu nzuri huzama, hafifu huelea. Zisuuze, uzianike kivulini. Zikihifadhiwa mahali pakavu pasipo joto, huweza kukaa miaka 5 hivi. Za chotara, yaani zile zilizoandikwa F1 kwenye pakiti, usihangaike kutunza mbegu za matunda yake, maana watoto hawamfuati mzazi.

Mbegu ikishapatikana, kinachofuata ni joto. Kwenye udongo wa chini ya nyuzijoto 15 mbegu ya tango hulala tu, na mara nyingi huishia kuoza. Udongo ukifika nyuzi 25 hadi 30, utaona miche ndani ya wiki moja. Sisi hushauri kupanda moja kwa moja bustanini, kwa kuwa mizizi ya tango haipendi kuguswa. Ikibidi uanzie kwenye kitalu, tumia vikopo vya karatasi na uhamishe mche na udongo wake wote, ukiwa na majani halisi mawili au matatu.

Changanya udongo na samadi iliyooza vizuri au mboji. Fukia mbegu 2 au 3 kila shimo, kina cha sentimita 2, na mashimo yaachane sentimita 30 kama mimea itapanda kwenye kamba au kichanja. Baadaye bakiza mche mmoja wenye nguvu. Ile mingine ikate kwa mkasi, usiing'oe, usije ukatikisa mizizi ya ule uliouchagua.

Sasa kuhusu uchungu. Wengi huamini kwamba tango huwa chungu likipandwa karibu na maboga. Si kweli. Chavua ya boga haiwezi kurutubisha ua la tango. Hata chavua ya tango la aina nyingine haibadilishi ladha ya tunda lililopo; mabadiliko yataonekana kwa mimea itakayotokana na mbegu zake. Uchungu hutokana na kukabitasini, kemikali ambayo mmea hujitengenezea kama kinga, na huzidi mmea unapoteseka kwa kiu au joto kali. Mmea unaoachwa ukauke siku nne kisha ukafurikishwa siku ya tano ndio hasa unaotoa matunda ya namna hiyo. Mwagilia shinani, kwa kiasi kisichobadilikabadilika, na utandaze majani makavu kuhifadhi unyevu. Majani ya mmea yenyewe yasilowe ovyo, kwani unyevu unaokaa juu yake huyaletea magonjwa ya ukungu.

Maua ya kwanza yakipukutika, tulia. Tango huwa na maua dume na maua jike kwenye mmea mmoja, na dume kwa kawaida hutangulia. Jike utalitambua kwa kitango kidogo kilicho nyuma yake. Nyuki ndio wachavushaji, hivyo anayepulizia dawa ya wadudu asubuhi, maua yakiwa wazi, anajikata mwenyewe. Tunda lililopinda au lililosinyaa ncha moja mara nyingi halikupata chavua ya kutosha. Nyuki wakiwa haba, chuma ua dume, ondoa petali zake, kisha ligusishe katikati ya ua jike asubuhi. Zipo pia aina zinazozaa bila kuchavushwa. Hizo hazihitaji shida hii.

Matango huanza kuwa tayari kuchumwa kati ya siku ya 50 na 70 tangu kupanda. Kuanzia hapo pita bustanini kila siku au siku moja baada ya nyingine, na funua majani unapokagua. Tango moja lililojificha likakomaa hupunguza uzaaji wa mmea mzima. Ndiyo maana lile la mbegu huachwa mwishoni mwa mavuno, kwenye mmea uliokwisha kukulisha vya kutosha.