"Simba Ni Ule Ule": Dhana Potofu Kuhusu Familia Zinazorudi Pale Pale Kila Mwaka

Jumamosi ya kwanza baada ya proklamasio, watoto wakishapata matokeo yao ya shule, familia yetu huenda zoo ya hapa Lubumbashi. Tumefanya hivyo tangu kifungua mimba wetu alipokuwa wa kubebwa mgongoni. Ni mwezi wa 7, asubuhi ina baridi ya kiangazi inayowafanya watoto wafiche mikono ndani ya sweta, moshi wa vichaka vinavyochomwa umetanda, na kila mwaka lazima mtu mmoja ukooni atuulize swali lile lile. Mwaka jana alikuwa shemeji yangu, amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai: "Simba ni ule ule! Munaenda kuangalia nini tena?"

Mdogo wangu anayeishi Ubelgiji naye huulizwa hivyo. Yeye, mume wake na watoto wao watatu hurudi kwenye bustani ya burudani ya Disneyland Paris kila likizo ya Pasaka. Wanapanga akiba mwaka mzima, wanafika, wanapitia njia ile ile, wanapiga picha mahali pale pale. Tukiongea kwa simu tunakuta maneno anayoambiwa yeye kule ndiyo ninayoambiwa mimi huku. Ninayajibu hapa kwa sababu nimeona familia zikiacha kitu kizuri kwa kuogopa maneno hayo.

"Ukishaona mara moja, umemaliza"

Hii ndiyo dhana ya shemeji, na ndiyo yenye mizizi mirefu. Watu huamini kwamba utamu wa mara ya pili umekwisha hata kabla ya kuonjwa. Ed O'Brien, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, alilipima jambo hilo na kuchapisha matokeo mwaka 2019. Katika jaribio mojawapo watu walitembelea maonyesho ya makumbusho. Wengine waliombwa wakisie watafurahi kiasi gani wakirudi, wengine wakarudishwa kweli. Waliorudi walifurahi kuliko wale wa kukisia walivyotarajia. Mara ya kwanza jicho halibebi yote, na mengi yaliyopita bila kuonekana yanabaki yakimngoja mtu.

Nimeyaona hayo kwa kitinda mimba wangu. Mwaka wa kwanza alimwona simba, basi, akalia. Mwaka wa pili aliona kwamba simba anapumua kwa tumbo. Mwaka wa tatu aliniuliza kwa nini kila tukija simba amelala. Swali hilo halimjii mtoto aliyekuja mara moja. Simba hupumzika saa 16 hadi 20 kwa siku, na jua la mchana humlaza zaidi, kwa hiyo anayefika saa sita kamili huondoka akisema ametapeliwa. Sisi tulijifunza kufika mapema kwa sababu tulirudi.

"Hayo ni mambo ya Wazungu"

Kurudi mahali pamoja kwa wakati wake ni jambo la zamani, na si la taifa moja. Ng'ambo ya Luapula, kule Mwansabombwe nchini Zambia, kila mwaka mwezi wa 7 hufanyika Mutomboko, sherehe ya Mwata Kazembe wa Walunda, na ukoo mzima hujua mapema nani atasafiri na nani atabaki kulinda nyumba. Hakuna anayewauliza kama Mwata ni yule yule.

Bustani za burudani zenyewe zilizaliwa na mazoea ya namna hiyo. Bakken, iliyo kaskazini ya Copenhagen nchini Denmark, huhesabu mwanzo wake kuwa mwaka 1583, na watu hawakuwa wakifuata bembea. Walifuata maji ya chemchemi, wakirudi na kurudi. Na Walt Disney alieleza mwenyewe kwamba wazo la Disneyland lilimjia Jumamosi, siku aliyokuwa akiwapeleka binti zake wawili kwenye farasi wa kuzunguka katika bustani ya Griffith Park, Los Angeles. Wao wanazunguka, yeye amekaa kwenye benchi anatafuna karanga, akiwaza kwamba pangekuwepo mahali ambapo wazazi na watoto wanafurahi pamoja. Disneyland hiyo, ile ya kwanza, ilifunguliwa tarehe 17 Julai 1955. Kabla ya ngome na treni zote zile kulikuwa na baba, Jumamosi, na karanga. Karanga sisi tunazo.

"Bila pesa nyingi hakuna desturi"

Hapa nitasema kwa uchungu kidogo, kwa sababu dhana hii huwafunga wengi wetu. Baba anaona picha za watu walioko Gold Reef City kule Johannesburg, bustani iliyojengwa kwenye mgodi wa zamani wa dhahabu, anapiga hesabu ya nauli kupita mpaka wa Kasumbalesa, anakata tamaa, kisha hawapeleki watoto popote.

Mwaka 2002 Barbara Fiese na wenzake walipitia utafiti wa miaka 50 kuhusu mazoea na desturi za familia. Walitenganisha mambo mawili. Mazoea ni kazi inayojirudia: nani afanye nini, lini. Desturi ni pale kazi hiyo inapobeba maana, inapowaambia watu "hawa ndio sisi". Kuchemsha mayai na kandolo (viazi vitamu) alfajiri, kujaza bidoni ya munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, kufunga kwenye kitambaa chikanda, ule mkate wa mizizi ya porini na karanga, hayo kwetu ni mazoea. Lakini hakuna aliyegusa chikanda mpaka kambo, bibi yao mzaa baba, alipokata kipande cha kwanza na kumpa aliyefanya vibaya zaidi shuleni mwaka huo. Ndiyo, aliyefanya vibaya. Alikuwa akimpa bila neno, akimshika kichwa, kisha wengine wakigawiwa. Hiyo ni desturi, na haikununuliwa.

Kopo la maziwa nalo lina kazi yake. Kuanzia mwezi wa 4 linakaa juu ya kabati, na kila mtoto anayepewa chochote na mjomba au shangazi hukunja noti ya franki 500 kama sigara na kuipenyeza kwenye tundu. Wanalitikisa. Noti hazilii, lakini wanalitikisa. Mwaka 2010 Jeroen Nawijn na wenzake walichapisha uchunguzi wa Waholanzi 1,530: waliokuwa na safari mbele yao walikuwa na furaha kuliko wasio na safari, lakini wakisharudi, wengi wao hawakuwa tena na furaha kuliko waliobaki nyumbani. Sehemu kubwa ya likizo, basi, huliwa kabla ya kuondoka. Mwenye kopo juu ya kabati anaila miezi mitatu.

Mdogo wangu naye ananiambia kwamba kule kwenye bustani yenyewe, kitu ambacho watoto wake hukizungumzia zaidi hakilipiwi peke yake: ni kipimo cha urefu. Mtoto haruhusiwi kupanda treni ya Big Thunder Mountain mpaka afike sentimita 102. Treni ya gizani, ile ya anga za juu, inataka 120. Ile ya Indiana Jones inataka 140. Mwanawe wa mwisho alikataliwa miaka miwili mfululizo. Mwaka wa tatu nilipata sauti yake kwenye simu, anapiga kelele hata sielewi: "Mama mukubwa, nimefika! Nimefika!" Nilidhani amefika Lubumbashi. Kumbe alikuwa amefika kwenye mstari. Ungemleta mara moja tu, angebaki na kumbukumbu ya kukataliwa.

"Mtoto mdogo hakumbuki kitu, muache nyumbani"

Nusu ya neno hili ni kweli, na ndiyo maana linaaminika. Watu wazima wengi hawana kumbukumbu za kabla ya umri wa miaka mitatu hivi. Lakini kumbukumbu haikai kichwani mwa mtoto peke yake, inakaa pia vinywani mwa wanaomzunguka. Watafiti wa New Zealand walichapisha mwaka 2000 kwamba watu wazima wa Kimaori, jamii inayothamini sana masimulizi ya mambo yaliyopita, hukumbuka matukio ya utotoni ya mapema zaidi kuliko wenzao wasio Wamaori. Watoto husimuliwa, nao wanajifunza kushika.

Wataalamu wengine wawili, Judith Hudson na Robyn Fivush, waliwafuatilia watoto wa chekechea waliotembelezwa kwenye makumbusho. Miaka 6 baadaye, ukiwauliza hivi hivi, karibu wote walikuwa hawana la kusema. Walipopewa vidokezo na kuonyeshwa picha za siku ile, mambo yakaanza kurudi. Kwa hiyo ile picha ya mahali pale pale kila mwaka, ambayo vijana huilalamikia, ina kazi. Sisi tunaitoa jioni kabla ya kwenda, pamoja na za miaka yote, tunazipanga kwenye mkeka, na mkubwa anamsimulia mdogo alichofanya akiwa na mwaka mmoja. Kitinda mimba wangu huapa kwamba anakumbuka kuangusha kiatu chake siku hiyo. Hakumbuki. Tumemsimulia mara nyingi hadi kimekuwa chake, na sioni ubaya.

"Kuwapa sokwe ndizi ni kuwaonyesha upendo"

Hili ni letu wenyewe, na ninaliandika kwa sababu tulilifanya. Miaka ya mwanzo watoto walikuja na karanga na ndizi mfukoni, na sehemu waliyoipenda kuliko zote ilikuwa kumrushia sokwe na kumwona akinyoosha mkono. Tuliita hiyo desturi.

Sokwe si mnyama wa mapori ya huku kwetu, anatoka misitu ya kaskazini na mashariki mwa Kongo. Wale wanaotunzwa hapa na JACK, kituo kilichoanzishwa mwaka 2006, wengi wao walinyang'anywa wafanyabiashara na watu waliowafuga majumbani, kinyume cha sheria ya nchi inayowalinda. Mtoto wa sokwe hunyonya hadi karibu miaka mitano na hashuki kirahisi mgongoni mwa mama yake. Ili apatikane, kwa kawaida mama huuawa kwanza, na mara nyingi wengine wa kundi pia. Huyo unayemrushia karanga ni yatima wa vita hivyo.

Halafu kuna ugonjwa. Mafua yetu ni yake. Mwaka 2008 wanasayansi walionyesha kwamba sokwe wa msitu wa Taï, Ivory Coast, walikuwa wamekufa kwa virusi vya mapafu vilivyotoka kwa binadamu, virusi ambavyo kwa wengi wetu huwa ni kikohozi tu. Nasi tunakuja mwezi wa 7, watoto wanafuta kamasi kwa mkono ule ule unaomenya ndizi. Na lile "cheko" la meno yote nje, ambalo watoto wanalipigia makofi? Sokwe anapovuta midomo nyuma na kukenua hivyo, mara nyingi anaogopa. Akicheza, mdomo hulegea ukafunguka, na meno ya juu hufichika.

Tulipojua, tuliwaambia watoto ukweli wote, hata habari ya mama anayeuawa. Wa pili wetu alinyamaza njia nzima ya kurudi. Mwaka uliofuata ni yeye aliyeleta utaratibu mpya: kila mtu anachagua mnyama mmoja, anakaa mbele yake robo saa bila kusema, jioni anatuigiza alichokiona. Sasa hivi ukigusa utaratibu huo, nyumba haina amani.

"Siku ikijaa ndiyo raha"

Hapana. Anayetaka kuona kila kitu huishia kuvuta mtoto mkono. Mdogo wangu huchagua vitu vitatu, vingine vikija ni baraka. Sisi tunarudi nyumbani kabla ya saa nane, hata wakilia. Afadhali walie kwa kutamani kubaki kuliko kwa uchovu.

"Desturi ikibadilika, imekufa"

Kambo alitutoka miaka minne iliyopita. Mwaka ule hatukujua nani akate chikanda. Ilikaa kwenye kitambaa chake, tumeizunguka, mpaka mume wangu akamkabidhi kisu binti yetu, ambaye ndiye aliyekuwa amefanya vibaya mwaka huo. Alikata, akampa baba yake kipande cha kwanza. Tangu hapo anayekata ni mtoto.

Tulihama pia. Nyumba tuliyokuwa tumepanga Katuba ilikuwa na mwimo wa mlango uliojaa mistari ya penseli, maana asubuhi ya zoo kila mmoja hupimwa kabla ya kutoka. Siku ya kuhama watoto walitaka mwimo ung'olewe. Mume wangu alikaa chini na futi yake usiku mzima, akahamisha mstari mmoja mmoja kwenye ubao wa mninga, na majina, na miaka. Ubao ndio uliopanda gari wa kwanza.

Sasa kifungua mimba anafanya kazi Kolwezi. Anaomba ruhusa, anafika Ijumaa usiku, na Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi anavua viatu na kusimama kwenye ubao kama wengine, mwanamume mzima mwenye ndevu, kisigino ukutani. Hajaongezeka hata milimita. Mdogo wake anapanda kiti, anaweka rula juu ya kichwa chake na kupiga mstari juu ya mstari. Wa kwake sasa ndio mnene kuliko yote.