Kipimo cha homoni za uzazi bila tarehe ya hedhi hakina tafsiri

Malalamiko kuhusu vipimo vya homoni yameongezeka hapa maabara kwetu, na mengi yanafanana. Mwanamke amepima kituo kimoja, wiki mbili baadaye amepima kingine, majibu yamepishana, anahitimisha kuwa maabara mojawapo imekosea. Mara nyingi hakuna iliyokosea: amepimwa siku tofauti za mzunguko.

Tezi ya pituitari, chini ya ubongo, hutoa homoni mbili, FSH na LH, zinazoiamsha ovari. Ovari nayo hujibu, na jibu lake ndilo linaloamua pituitari itatoa nini siku zinazofuata. Hedhi inapoanza, estrojeni na projesteroni, homoni za ovari, ziko chini, hivyo FSH hupanda na kukuza vifuko kadhaa vya mayai. Kifuko kinachowatangulia wenzake hutoa estrojeni na inhibini (homoni inayoipunguza FSH), FSH hushuka, vilivyobaki nyuma husinyaa. Ndiyo maana kwa kawaida hutoka yai moja.

Hapa hupotea wengi, hata baadhi ya wanaojaza fomu za vipimo. Estrojeni ikiwa ya wastani huibana pituitari. Ikizidi pikogramu 200 hivi kwa mililita ya damu na kudumu kama saa 48, huichochea: LH hufumuka ghafla, na yai hutoka saa 34 hadi 36 tangu mfumuko uanze. Kifuko kilichoachwa na yai hutoa projesteroni, inayoibana tena pituitari. Mimba isipotunga, kifuko hicho hufa baada ya siku 14 hivi, projesteroni huporomoka, hedhi inakuja.

Kwa hiyo, FSH na estradioli (estrojeni kuu ya ovari) hupimwa siku ya 2 hadi ya 5 ya mzunguko. Siku ya 1 ni damu ilipoanza kutoka sawasawa, matone hayahesabiwi. Projesteroni hupimwa siku 7 kabla ya hedhi inayotarajiwa. Ile “siku ya 21” inayoandikwa karibu kila fomu ni ya mwenye mzunguko wa siku 28. Mwenye siku 35 aje siku ya 28. Projesteroni ikizidi nanogramu 3 kwa mililita, yai limetoka. Ikisoma 0.4 siku ya 10, hakuna ugonjwa. Ndivyo inavyotakiwa iwe. Vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini (vitamini B7) nyingi viachwe angalau siku 2 kabla, maana kwenye baadhi ya mashine FSH husomeka chini na projesteroni juu kuliko ukweli.

Fomu iwe na tarehe ya siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, urefu wa mzunguko, dawa zote pamoja na njia ya uzazi wa mpango, na kama mama ananyonyesha. Isiyo na tarehe itarudishwa dirishani kabla damu haijatolewa. Sampuli iliyoletwa kutoka kituo kingine bila tarehe itapimwa, ila majibu yatatoka bila tafsiri, na kurudia ni malipo mapya. Utaratibu huu hautalegezwa kwa sababu mtu ametoka mbali.

Anayemeza vidonge vya majira vyenye homoni mbili asije kupima FSH “kuona kama homoni ziko sawa”. Vidonge hivyo huzuia mimba kwa kuibana pituitari. FSH ya chini ni dawa ikifanya kazi. P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, nayo huchelewesha mfumuko wa LH. Ukishaanza, hakuna tena cha kuchelewesha, ndiyo sababu tunasema imezwe mapema iwezekanavyo ndani ya saa 72. Haisafishi kizazi kama wengine wanavyodhani, na haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

“Mvurugiko wa homoni” si jina la ugonjwa. Anayekuuzia unga wa kuziweka sawa muulize: homoni ipi, ilipimwa siku ya ngapi? Wengi wao hawajawahi hata kuuliza tarehe.

Mzunguko ulio chini ya siku 24 au zaidi ya 38 mara kwa mara unastahili kuonwa na daktari. Aliyekosa hedhi miezi 3 aanze na kipimo cha mimba, hata kama anaapa haiwezekani. Kikiwa hasi, damu itachukuliwa siku yoyote, na penye tarehe aandike “hedhi haipo”. Asibuni tarehe ili fomu ipite.