Kuacha ugali au kuacha mafuta: kipi hupunguza kilo, kipi huulinda moyo?

Wanaokuja kliniki ya lishe hapa Nairobi kutafuta kupungua huwa wameshajigawa pande mbili. Kuna walioacha ugali, wali na mkate kwa sababu wamesikia wanga ndio unaonenepesha. Kuna walioyakimbia mafuta, wanachemsha kila kitu na kumvua kuku ngozi. Kila upande una jirani aliyepungua, na wote wanataka kujua nani yuko sahihi.

Kwa upande wa uzito, pande hizo zinakaribiana sana. Mwaka wa 2018, Christopher Gardner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha utafiti wa watu 609 wenye uzito uliozidi na wasio na kisukari. Kundi moja lilipunguza wanga, lingine likapunguza mafuta, kwa mwaka mzima. Waliopunguza wanga walipungua wastani wa kilo 6.0, na waliopunguza mafuta kilo 5.3. Kitakwimu, tofauti hiyo si ya kutegemewa. Ndani ya kila kundi, hata hivyo, wapo waliopungua zaidi ya kilo 20 na wapo walionenepa. Jambo ambalo wengi hawalisikii ni kwamba makundi yote mawili yaliagizwa kula mboga kwa wingi na kuachana na sukari ya kuongezwa na unga mweupe. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye uzito wa utafiti ule.

Mbona basi anayeacha ugali huona mizani ikishuka wiki ya kwanza tu? Mwili huhifadhi sehemu ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushika takriban gramu tatu za maji. Akiba ikiisha, maji hutoka nayo. Mafuta ya tumboni bado yapo pale pale, na ndiyo maana siku ukirudia ugali, kilo mbili tatu hurudi upesi na mtu akakata tamaa bure.

Kwenye moyo ndiko pande hizi zinakotofautiana. Ukipunguza wanga, trigliseridi, yaani mafuta yanayozunguka kwenye damu, hushuka vizuri, na kolesteroli nzuri huelekea kupanda. Ukipunguza mafuta, kolesteroli mbaya, ile inayojenga utando ndani ya mishipa, ndiyo inayoelekea kushuka. Lakini mengi hutegemea unachokula badala ya kile ulichoacha. Nawaona walioacha ugali wakajaza pengo kwa nyama choma ya soko la Burma hapa Nairobi kila wikendi, samli na soseji. Kilo zinapungua kweli, ila wakipimwa damu, kolesteroli mbaya ya baadhi yao imepanda sana. Na walioacha mafuta wakahamia mkate mweupe na juisi ya pakiti hawajaukinga moyo na chochote.

Mafuta ya kuchunga ni yale yanayoganda. Mchuzi wa mbuzi ukipoa, tazama utando mweupe unaotanda juu ya sufuria. Siagi, samli na mafuta mgando ya kupikia ni wa ukoo huo. Hata mafuta ya maji hayafanani: mengi madukani hutokana na mawese, na ndiyo maana chupa huingia ukungu na kuganda chini baridi ya Julai inapouma. Ya alizeti hubaki maji. Mafuta ya namna hiyo, pamoja na ya parachichi, njugu na samaki kama omena, yakichukua nafasi ya yale yanayoganda, hushusha kolesteroli mbaya na hatari ya ugonjwa wa moyo.

Sasa tuangalie sahani. Chapati ina unga mweupe, mafuta kwenye donge, mafuta kati ya mikunjo na mafuta tena kwenye kikaango. Chipsi hazina tofauti kubwa. Vyakula hivi havifai upande wowote, na ndivyo ningeanza kupunguza kabla ya kuugusa ugali. Kisha chai: vikombe vinne kwa siku, vijiko viwili vya sukari kila kikombe, ni takriban gramu 32. Shirika la Afya Duniani linasema ingefaa tusizidi kama gramu 25 kwa siku. Na sukuma wiki, mboga njema kabisa, huharibiwa na mkono unaomimina mafuta moja kwa moja kutoka kwenye jerikeni. Kijiko kikubwa kimoja kina kama kalori 120. Pima kwa kijiko.

Huhitaji kununua vyakula vya bei ya juu. Githeri yenye maharagwe mengi kuliko mahindi, na kipande cha parachichi kando, ina wanga unaosagika polepole, nyuzinyuzi, protini na mafuta mazuri. Ugali nao unaweza kubaki mezani: uwe robo ya sahani, wa unga usiokobolewa, na mboga za majani kama managu au terere zijaze nusu. Ukiona unaweza kula hivyo mwaka mzima, shikilia hapo, hata kama jirani anafuata njia nyingine.

Wako wasiopaswa kujaribu peke yao. Kama una kisukari na unatumia insulini au vidonge kama glibenklamidi, kuacha wanga ghafla kunaweza kushusha sukari ya damu hadi uzimie, kwa hiyo daktari arekebishe dozi kwanza. Anayetumia dawa za presha naye apimwe mara kwa mara, kwa maana presha hushuka uzito unapopungua. Wajawazito, wanaonyonyesha na wenye ugonjwa wa figo wazungumze na mhudumu wa afya kabla ya kubadilisha chochote. Wengine wote, pimeni kolesteroli kabla ya kuanza, kisha tena baada ya miezi mitatu, kwa sababu mizani haiwezi kuwaonyesha kilichomo ndani ya mishipa.