Je, wajua kwa nini simu kabla ya mechi humchelewesha mchezaji kijana kutoa pasi?

Safari ya timu ya vijana kutoka Arusha kwenda kucheza Moshi, kwenye uwanja wa Ushirika, ni ya kilomita zipatazo 80, na kwa Coaster huchukua saa moja na nusu au zaidi, kutegemea foleni. Ukikaa kiti cha nyuma utaona vichwa vyote vimeinama: huyu anaperuzi video fupi, yule anajibu ujumbe wa kundi la darasa lake, na kiungo wa timu anacheza gemu huku akimgombeza jirani aliyemsukuma kiwiko. Mechi inapoanza, kiungo huyohuyo anapokea mpira katikati ya uwanja, anamwona winga aliyeachwa peke yake, kisha anasita kidogo, na pasi inapotoka beki ameshafika. Kocha husema kijana ana miguu mizito, na wiki inayofuata anamwongezea mbio za kuzunguka uwanja. Huenda miguu haina kosa lolote.

Mwaka 2009 Samuele Marcora na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Bangor huko Wales, waliwapa watu 16 kazi ya kompyuta iliyohitaji umakini mkubwa kwa dakika 90, kisha wakawataka waendeshe baiskeli ya mazoezi kwa mzigo mzito mpaka washindwe kuendelea. Siku nyingine watu walewale walitazama filamu tulivu za treni na magari kwa muda uleule kabla ya kupanda baiskeli. Baada ya filamu walidumu kwa wastani wa sekunde 754. Baada ya kazi ya kompyuta, sekunde 640. Moyo na misuli havikuonyesha tofauti ya kueleza pengo hilo. Tofauti ilikuwa katika hisia ya uzito wa kazi: waliochoka akili waliiona ngumu zaidi tangu mwanzo, na hivyo wakafika mapema kwenye kiwango cha ugumu ambacho mtu huamua kuacha.

Jambo ambalo wengi hulipita haraka ni kwamba siku zote mbili watu hao walikaa mbele ya kioo. Kwa hiyo si kioo chenyewe kinachochosha, bali kazi ambayo kioo kinaudai ubongo. Filamu ya treni haidai kitu. Gemu na mitandao ya kijamii hudai kila sekunde chache: tazama au ruka, jibu au nyamaza, zuia hasira kwa maoni ya mtu usiyemjua. Uwezo huo wa kuchagua na kujizuia ndio kiungo anaouhitaji anapotakiwa kuinua macho, kuona nani yuko huru, na kuacha pasi ya kwanza iliyomjia akilini kwa sababu ya pili ni bora zaidi.

Utafiti uliogusa simu moja kwa moja ulifanywa Brazili na Leonardo Fortes na wenzake, ukachapishwa mwaka 2019. Wachezaji wa soka wa kulipwa walitumia programu za simu kwa muda tofauti kabla ya kucheza. Dakika 15 hazikuleta madhara yaliyoonekana, lakini dakika 30 na 45 zilishusha ubora wa maamuzi yao ya pasi. Dakika 30 ni chache mno: Coaster letu huwa bado liko maeneo ya Usa River.

Ni kweli kwamba waliopimwa Brazili walikuwa watu wazima, na wapo wanasayansi wanaodai kwamba athari ya uchovu wa akili imekuzwa kuliko ilivyo. Tena, kuruka na kukimbia mbio fupi za nguvu haziguswi sana. Mwathirika mkubwa ni yule anayelazimika kuvumilia kwa muda mrefu au kuamua haraka. Hata hivyo, sehemu ya ubongo inayosimamia kujizuia huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu, na kwa hiyo sioni sababu ya kudhani kwamba kijana wa miaka 15 anahimili zaidi kuliko mchezaji wa kulipwa.

Simu ya usiku wa kuamkia mechi ni habari nyingine, na njia yake ni fupi: inakula usingizi. Vijana wa miaka 13 hadi 18 wanashauriwa kulala saa 8 hadi 10. Wachambuzi wa ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, waliona kwamba wachezaji walioandika kwenye Twitter usiku wa manane walifunga takribani pointi moja pungufu katika mechi iliyofuata.

Kupokonya simu kwa ukali mlangoni mwa basi hakusaidii, kwa kuwa kijana atapanda akiwa amenuna na akili ikiwa imebaki kwenye simu. Ni rahisi zaidi kukubaliana mapema kwamba simu zinaingia kwenye mabegi gari likiondoka Arusha, meneja abaki na moja ya kuwajibu wazazi, na anayetaka muziki apange nyimbo zake jana yake, azime kioo, na aachie masikio yafanye kazi.