Kolesteroli ya kurithi: jibu la kipimo cha mtu mmoja huuhusu ukoo mzima

Zipo familia ambamo watu wamezoea kusema kwamba wanaume wa ukoo wao hawazeeki. Babu alianguka ghafla akiwa na umri wa miaka 48, baba mdogo akafuata akiwa na miaka 45, na kila msiba ukapewa sababu yake: kazi nyingi, mawazo, unene, au kudra tu. Sisi tunaoshughulika na magonjwa ya moyo, tukisimuliwa historia ya namna hiyo, jambo la kwanza tunalotaka kujua ni kiwango cha kolesteroli katika damu ya waliobaki hai, watoto wakiwemo. Mara nyingi tunakuta hakuna hata mmoja aliyewahi kupimwa.

Kolesteroli ya juu ya kurithi ni miongoni mwa magonjwa ya jeni moja yanayowapata watu wengi zaidi duniani. Inakadiriwa kwamba katika kila watu 250, mmoja ameirithi kutoka kwa mzazi wake mmoja, na wengi wao hawajui. Aina nzito zaidi, ambayo mtoto hurithi kasoro kutoka kwa wazazi wote wawili, ni adimu sana, lakini ni kali kiasi kwamba mshtuko wa moyo unaweza kumpata mtoto huyo kabla hajatimiza miaka 20.

Kolesteroli yenyewe si sumu. Mwili huihitaji ili kujenga kuta za seli, kutengeneza homoni na kutengeneza nyongo, na sehemu kubwa yake huzalishwa na mwili wenyewe. Kwa kuwa ni aina ya mafuta na haiyeyuki katika maji, husafiri ndani ya damu ikiwa imefungwa katika vifurushi vidogo vya mafuta na protini, na vile vinavyotutia wasiwasi zaidi ni vile vya LDL. Kazi ya kuviondoa vifurushi hivyo katika damu hufanywa hasa na ini, ambalo seli zake zina vipokezi vinavyovinasa na kuviingiza ndani ili visagwe. Utaratibu huu haukujulikana hadi mwaka 1973, wakati Michael Brown na Joseph Goldstein, wakifanya kazi Dallas nchini Marekani, walipootesha maabara seli za ngozi za wagonjwa wenye aina nzito ya ugonjwa huu na kuona kwamba seli hizo hazikuweza kuinasa LDL kama zinavyofanya seli za watu wengine. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1985, na kwa maoni yangu bado ni mfano bora wa namna ugonjwa adimu unavyoweza kufichua siri ya ugonjwa unaoua watu wengi.

Wagonjwa wengi wana kasoro katika jeni ya LDLR, ambayo ndiyo inayobeba maelekezo ya kutengeneza vipokezi hivyo. Wachache wana kasoro katika APOB, jeni ya protini ambayo kipokezi huishika, au katika PCSK9. Aliyerithi kasoro ya LDLR kutoka kwa mzazi mmoja hubaki na takriban nusu ya vipokezi vinavyofanya kazi, hivyo LDL hukaa katika damu yake muda mrefu kuliko inavyostahili na huendelea kujipenyeza katika kuta za mishipa ya moyo.

Ningependa msomaji ashike hasa suala la muda. Mtu ambaye kolesteroli yake ilipanda akiwa na miaka 50 na aliyezaliwa nayo juu wanaweza kuwa na jibu lilelile la maabara, lakini mishipa yao haiko sawa, kwa sababu ya huyu wa pili imelowa LDL tangu siku ya kwanza ya maisha yake. Bila matibabu, takriban nusu ya wanaume wenye hali hii hupata ugonjwa wa mishipa ya moyo kabla ya kufika miaka 50, na takriban asilimia 30 ya wanawake kabla ya miaka 60. Wembamba hauwakingi. Mlo mzuri, mazoezi na kuacha sigara vinawasaidia, na vinapaswa kufuatwa, ila kwa kawaida haviwezi kuishusha LDL yao hadi kiwango salama. Kumlaumu mgonjwa wa namna hii kwa chakula anachokula ni kumwonea.

Mtu mzima ambaye LDL yake imefika milimoli 4.9 kwa lita au zaidi, na hakuna ugonjwa mwingine wa kueleza ongezeko hilo, anastahili kuchunguzwa kwa ajili ya hali hii. Baadhi ya wagonjwa huwa na uvimbe mgumu wa mafuta kwenye kano ya kisigino au kano za vidole vya mikono, au duara jeupe kuzunguka mboni ya jicho kabla ya umri wa miaka 45. Wengi hawana dalili yoyote ya nje, na ndiyo sababu kipimo cha damu hakina mbadala.

Ushahidi kwamba kuanza mapema kunaleta tofauti ulitolewa na watafiti wa Uholanzi, waliowafuatilia kwa miaka 20 watu walioanza kutumia statini, yaani dawa za kushusha kolesteroli, wakiwa watoto. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Hadi kufikia umri wa miaka 39, ni asilimia 1 tu yao waliokuwa wamepata tukio la ugonjwa wa moyo au mishipa, ilhali kwa wazazi wao wenye kasoro ileile, ambao ujana wao ulipita kabla statini hazijapatikana, kiwango katika umri huohuo kilikuwa asilimia 26. Jeni ilikuwa moja kwa mzazi na mwana.

Historia ya PCSK9 nayo inafaa kusimuliwa. Mwaka 2003 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba jeni hii ikifanya kazi kupita kiasi, kolesteroli hupanda, na baadaye ikabainika kwamba protini yake husababisha vipokezi vya ini kuharibiwa. Kisha wanasayansi wa Dallas wakatafuta kinyume chake, wakawapata watu ambao jeni hiyo imezimika. Mwaka 2006 waliripoti kwamba, miongoni mwa Wamarekani weusi waliofuatiliwa kwa miaka 15, wenye mabadiliko hayo walikuwa na LDL iliyo chini kwa asilimia 28 na hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo iliyopungua kwa asilimia 88. Kutokana na ugunduzi huo zilipatikana sindano za kingamwili dhidi ya PCSK9, ambazo ziliidhinishwa mwaka 2015 na leo huwasaidia wagonjwa ambao statini pekee haziwatoshi.

Si kila hatari ya kurithi hutokana na jeni moja. Wapo waliorithi mabadiliko madogo mengi ambayo kwa pamoja huipandisha LDL, na wapo wenye kiwango kikubwa cha lipoprotini(a), aina ya vifurushi vinavyofanana na vya LDL, ambacho huamuliwa zaidi na jeni kuliko mtindo wa maisha. Hiki cha mwisho hupimwa kwa damu, na kwa watu wengi kupima mara moja maishani kunatosha.

Mtu mmoja akithibitishwa kuwa na kolesteroli ya kurithi, wazazi, ndugu na watoto wake nao wapimwe, na kila anayepatikana nayo awe mwanzo wa kuwatafuta wengine. Watoto wanaweza kupimwa kuanzia umri wa takriban miaka 5, na statini kwa kawaida huanza kati ya miaka 8 na 10 chini ya uangalizi wa daktari. Msichana anayezitumia anapaswa kuzungumza na daktari wake kabla ya kupanga ujauzito. Kila mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuirithi kasoro hiyo, awe wa kike au wa kiume. Kasoro hiyo hairuki kizazi: kipimo cha jeni kikithibitisha kwamba mtoto hakuirithi, hawezi kuwarithisha wanawe, na katika tawi hilo la ukoo hakuna sababu ya kuendelea kuitafuta.