Kwa nini Msikiti Mkuu wa Djenné umechomoza miti ukutani?

Djenné ni mji mkongwe wa Mali kando ya mto Bani. Mto ukifurika, mji hugeuka kisiwa. UNESCO iliuweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1988. Soko lake la Jumatatu hujaa mbele ya msikiti mkubwa wa udongo, uliojengwa upya mwaka 1907, na kuta zake zina mafungu ya miti iliyochomoza nje kama miiba ya nungunungu.

Kwa miaka mingi niliamini ile miti ni ncha za boriti za dari. Anayezijua nyumba za Lamu atanielewa: boriti hubeba dari, basi ncha zikitokeza nje, si ajabu. Ila nilipoitazama picha vizuri, hesabu ilikataa. Miti imepangwa safu juu ya safu mpaka kwenye minara. Dari gani hizo zote? Nikahamia jibu la pili, kwamba ni urembo. Nalo halikutosha.

Fikiria mnazi uliokatwa vidato. Vidato havimsaidii mnazi kusimama. Vipo kwa ajili ya mkwezi, kwa sababu atarudi. Djenné nako kuna mtu atakayerudi: fundi wa kukandika. Mvua hula udongo wa nje kama barabara inavyokula soli ya kandambili, na soli hii hubadilishwa kila mwaka kabla ya mvua. Udongo wa mtoni huchanganywa na pumba za mpunga, ukaachwa uchache hadi unuke. Siku ikifika mji mzima hutoka: wanawake huleta maji, vijana hukimbia na makapu ya tope, mafundi hupanda kwa kuikanyaga miti ile. Kwenye nchi yenye uhaba wa mbao ndefu, jukwaa la kudumu ukutani ni akili kweli. Miti yenyewe ni ya mvumo, ambao mchwa hauuwezi kirahisi.

Wapo wasemao miti hiyo hupunguza pia nyufa. Huenda, ingawa ushahidi wake ni mwembamba kuliko ule wa miguu ya mafundi. Na urembo? Upo pia, vivuli vyake jioni vinapendeza mno.

Juu kabisa ya minara kuna mayai ya mbuni, yasemwayo kuwa alama ya usafi na uzazi. Hayo hakuna anayeyakanyaga.